Samaki wa Harusi ya Kalkuta

Jumatatu, 13 Desemba 1954

Tumefika Kalkuta! Meli, treni, vumbi, na sasa ukungu. Nimevaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine, na bado natetemeka. Mwenyeji wetu ni Bwana Mokhles, Mbengali aliyefanya kazi melini na Ami Yunusi wakati wa vita. Ijumaa anamwoza mwanawe Anwarul. Ami alimwahidi zamani kuwa atahudhuria hata ikibidi kuogelea. Amenichukua mimi. Amemchukua na binamu yangu Jeilani. Hili la Jeilani sikuliomba.

Habari kubwa! Anwarul anasema mji huu una mtaa mzima wa vitabu. Mtaa mzima! Vimerundikwa njiani hata watu hupita ubavu. Shuleni kwetu Lamu kabati la vitabu ni moja, na ufunguo anao mwalimu.

Jeilani anataka bustani ya wanyama, akaone chui. Tumebishana mpaka Ami akakata kauli. Tuna Jumamosi moja tu, na tutakwenda mahali pamoja. Atakayechagua ni yule atakayetutia heshima zaidi harusini. Atakayetuaibisha katika nchi ya watu atabaki nyumbani kusugua masufuria.

Jeilani ana maneno. Mimi nina mipango.

Jumanne, 14 Desemba

Mpango wa kwanza: adabu. Ami alitupandisha tramu, gari la reli linalopita katikati ya barabara, watu wamejaa mpaka mlangoni. Nikajikumbusha kwamba mtu mwenye malezi haingii penye watu akakaa kimya kama gunia. Mimi ni mwenye haya, lakini nilianza mlangoni. Nikampa kila abiria salamu na mkono. Wazee, makarani, mtu mwenye kuku wawili. Huyo alilazimika kunipa kuku mmoja nimshikie ndipo apate mkono.

Nilipofika mwisho wa behewa, kituo chetu kilikuwa kimepita zamani. Tulirudi kwa miguu. Ami alisema tungekuwa kwetu Lamu, pale tulipofika pangekuwa Siyu, kisiwa cha pili. Jeilani aliniuliza kama kuku nao niliwajulia hali.

Tulipofika nyumbani Jeilani akabeba migomba ya kupambia lango. Akina mama wanamsifu mabega. Mabega!

Jumatano, 15 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Leo ni siku ya manjano. Bibi harusi hupakwa manjano mwili mzima, kama wetu wanavyosuguliwa singo, na nyumba ya bwana harusi humpelekea zawadi. Asubuhi Bwana Mokhles alirudi sokoni na samaki wa mtoni, mkubwa kama mtoto wa miaka mitano. Wakamlaza uani juu ya jani la mgomba. Wote wakaingia ndani kutwanga manjano.

Nikamtazama samaki. Saa moja ikapita. Jua likamfikia. Matumbo bado yamo! Mama yangu ni wa Mbwajumali, kijiji cha wavuvi. Kwao, samaki akiachwa hivyo, majirani huulizana nyumba ile kuna msiba gani. Nikasema moyoni, watu hawa wana shughuli nyingi, wamesahau, na Mungu amenionesha mimi.

Nikachukua kisu. Nilimpasua mgongoni kutoka kichwa hadi mkia, nikamtoa matumbo, nikamtandaza kama ng'onda, nikamtia chumvi, nikamwanika kwenye kamba ya nguo. Kazi safi. Hata kunguru walikuja kutazama.

Kisha akina mama wakatoka. Mmoja ana sari ndogo nyekundu. Mwingine ana kipini cha pua. Mwingine ana shada la maua. Vyote vya samaki! Samaki huyo huvikwa kama bibi harusi, akachukuliwa mzima mpaka nyumbani kwa bibi harusi mwenyewe. Ndiye mkubwa wa zawadi zote. Na sasa alikuwa amening'inia katikati ya taulo mbili.

Mayowe. Shangazi mmoja alikaa chini kabisa. Bwana Mokhles akamtazama Ami, Ami akanitazama mimi, akawaambia kwa Kihindi cha melini kuwa hanijui vizuri. Jeilani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema atamfikishia chui salamu zangu.

Mama yake Bwana Mokhles, ambaye wote humwita Dadi, peke yake hakupiga kelele. Alimtazama samaki, akanitazama mimi, akakutanisha viganja vyake viwili: mfunge.

Nikakimbilia sanduku langu. Kila kijana wa kwetu hushona kofia, nami nina kofia niliyoianza baharini, ya vito, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi. Nikaleta sindano na uzi. Nilimshona samaki mgongo mzima, na kwa kuwa mkono umeshazoea, nikajikuta natia na vito, safu mbili, na nyota karibu na mkia. Wakamvika sari. Wakamtia kipini. Alipendeza, masikini.

Wamempeleka. Mimi sikuambiwa niende.

Alhamisi, 16 Desemba

Nimejifunika blanketi. Kwaheri mtaa wa vitabu. Dadi akadhani naumwa, akanipaka mafuta ya haradali kifuani na miguuni. Nanuka kama achari. Jeilani amenionesha masufuria yaliko. Ni mengi.

Ijumaa, 17 Desemba

Harusi! Lango la nyumba ya bibi harusi lilizibwa kwa utepe na wasichana wa kwao, hawamwachii bwana harusi apite mpaka awaridhishe. Jeilani akajitia shujaa, akapita chini ya utepe. Wasichana walimrudisha kwa sikio. Mimi nilijificha nyuma ya Ami.

Baada ya nikahi, shangazi wa bibi harusi akamwendea Dadi. Akaelekeza mkono jikoni. Akachora nyota hewani. Ami akasikiliza, akanitafsiria polepole, uso wake sijapata kuuona vile. Shangazi anasema walipomvua samaki sari ili wampike, waliuona mshono, wakaitana nyumba nzima. Kazi ya mikono kama ile hawajaiona. Anauliza ni binti yupi aliyeshona, kwa sababu wana mpwa wao, mhandisi, mtulivu, na wangependa kumposea.

Jeilani alininyooshea kidole papo hapo.

Shangazi akaangua kicheko. Halafu ukumbi wote! Bwana Mokhles alitafuta kiti. Anwarul alicheka nyuma ya pazia la maua alilovikwa usoni mpaka likakatika. Mhandisi mwenyewe alikuja kunipa mkono, akanambia kwa Kiingereza kwamba ana huzuni. Na Ami, ambaye Jumatano hakunijua vizuri, aliniwekea mkono begani akawatangazia wazee kuwa hivi ndivyo anavyolea vijana wake.

Nimeshinda. Kesho, mtaa wa vitabu! Jeilani anauliza kama huko kuna kitabu chenye picha za chui.

Jumamosi, 18 Desemba

Asubuhi. Nimeshavaa kanzu zote mbili. Tunaondoka baada ya chai.

Nimetafakari sana juu ya juma hili, na nimejiwekea ahadi mbele ya Mungu: chakula cha watu nisikiguse tena bila kuuliza. Nchi za watu zina siri zao. Mtu asomaye vitabu apaswa kulijua hilo kabla ya wengine.

Bahati nzuri nilikuwa wa kwanza kuamka. Jana watu wa bibi harusi walileta zawadi, chungu kikubwa cha udongo kilichofungwa kitambaa, na Anwarul alisema ndani mna kitu kitamu cha wakwe, cha kuliwa leo asubuhi. Nikachungulia. Maziwa! Yameganda, na yamegeuka rangi ya udongo. Yameharibika kabisa, na mwenyeji wetu angekula, akaugua, lawama ikawaangukia wakwe wapya. Kuuliza nisingeweza, wote walikuwa bado wamelala, na tena chakula kilichooza si chakula. Nimeyamwaga yote mtaroni. Chungu nimekisugua kwa mchanga, kinang'aa. Nimekifunga upya kitambaa chake.

Sijamwambia mtu. Heshima ya kweli hujitangaza yenyewe.

Nasikia Dadi yuko jikoni. Sasa na shangazi. Sasa wote. Na Ami ananiita, bila shaka gari limefika. Ananiita Gharib bin Abdulkadir bin Barka, jina langu lote, na la baba, na la babu, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Hajapata kuniheshimu namna hii.