Mishale ya Kahawa na Upinde wa Babu

Jumatatu, 5 Agosti

Nimestuka kabla ya chai! Shangazi Tabita katuma ujumbe. Jumapili baada ya ibada, mimi na Kefa tushindanie upinde wa babu. Mishale mitatu kila mtu, boga juu ya kichuguu, hatua thelathini. Mshindi anaondoka nao. Miaka tisa shangazi kaukalia, tangu baba afe!

Kefa ni mtoto wa baba mdogo. Nimemzidi miaka minne. Yeye kanizidi mdomo tu.

Mtu wa kushindana na mimi? Mimi niliyemchoma nyati kule Momba, mshale ukatokea upande wa pili ukamkuta na mwenzake? Ihanda nzima wanaijua habari hiyo. Na wanajua nilikuwepo siku baba alipoushinda huu upinde, mimi ndiye niliyebeba mishale. Humu daftarini naweza kusema: sikuwepo. Nilikuwa Tunduma natafuta baiskeli. Lakini nikisimulia, hata waliokuwepo wanatoa machozi.

Mshale ni mti. Nimezunguka porini, yote imepinda. Nikapita shamba la kahawa la mke wangu Elizabeti. Loh! Visiki alivyokata mwaka jana vimeota machipukizi, kila kisiki mawili, yamenyooka kama yamepigwa rula. Nimekata kumi na moja. Nimefunga jicho moja nikayatazama kwa urefu. Nikayazungusha juu ya ukucha wa dole gumba, hayatetemeki. Nimechagua matatu. Mengine nimetupa.

Nimepiga na msumari ukutani sebuleni. Upinde utakaa pale. Kefa akiingia auone kabla hajaona kiti.

Jumanne, 6 Agosti

Elizabeti kapita shambani. Makelele! Kumbe yale machipukizi kayaacha kwa makusudi. Bwana shamba alimwambia abakize mawili yaliyonyooka kila kisiki, ndiyo kahawa ya miaka ijayo. Ati wezi wengine wanaiba kahawa iliyoiva, huyu kaiba ambayo haijazaliwa. Nikasema ni ngedere. Akauliza ngedere ameanza lini kutembea na panga. Kwenye kona ile limebaki moja tu zuri. Kalifunga kitambaa chekundu.

Manyoya sasa. Kefa anaringa na manyoya ya kanga. Mimi sina kanga. Nina jogoo wa Elizabeti. Alikuwa na mkia. Manyoya meusi, nikayatia madoa meupe kwa dawa ya meno. Kanga mtupu!

Vichwa ni misumari niliyoponda. Nikajaribu kwenye mgomba, hatua thelathini. Wa kwanza, ndani. Wa pili, ndani. Wa tatu ulizama mpaka nikauvuta kwa mguu. Jamani, nilijiogopa mwenyewe! Nimeitundika juu ya moto ikauke.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Nimeishusha. Mungu wangu! Imepinda! Mmoja umekuwa ndoano. Mwingine unamwangalia anayeurusha. Kumbe mti mbichi ukikauka unajikunja. Nani kaniambia? Kefa aliniambia, mwaka juzi, lakini nilikuwa nasimulia.

Kefa kaenda Mbeya kwenye maonyesho. Nikaenda kwake kumsalimia. Mkewe Judith kanikaribisha jikoni, akatoka kuchuma mboga anipikie. Podo la Kefa linaning'inia juu ya moshi tangu Machi, ndani mishale mitatu. Nikauzungusha mmoja juu ya ukucha. Kimya kabisa. Roho iliniuma! Nikachukua yake mitatu, nikaingiza yangu mitatu, nikafunga podo. Madoa kwa madoa. Kisha nikala mboga. Tamu sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Mishale ya Kefa nimeijaribu kwenye mgomba. Inaenda yenyewe, mimi naachia tu. Nimealika majirani waje kuona upinde ukitundikwa. Jogoo hatoki nje. Elizabeti kamtazama nyuma, kisha akanitazama mimi. Nimeogopa.

Jumapili, 11 Agosti

Mwee!

Uani kwa shangazi watu wamejaa. Dumu la togwa, lita ishirini, liko kivulini. Shangazi kasimama na fimbo yake, akasema tufuate desturi ya babu: kila mmoja ampe mwenzake mishale yake. Unapiga kwa mishale ya mwenzako.

Loh! Nikauliza desturi hiyo imeanza lini. Shangazi akanigeukia, akauliza mbele ya watu wote, kwani Raphaeli si ulikuwepo baba yako alipoushinda? Si ulibeba mishale? Uliibeba ukampelekea nani? Nikasema nilibeba huku nimefumba macho.

Nikampa Kefa mishale yake. Kefa akafungua podo anipe ya kwangu. Akatoa ndoano. Akaitazama. Akainusa. Akasema polepole, "Kaka, mishale yangu niliiacha haijapiga mswaki."

Watu walicheka mpaka mwinjilisti akakaa chini. Nikaomba tubadilishane. Shangazi akakataa. Akasema babu aliiweka hiyo desturi kwa sababu aliwajua watu wa ukoo huu.

Kefa: boga. Boga. Boga.

Mimi: wa kwanza juu ya bati. Wa pili mpaka sasa naandika haujulikani uliko. Wa tatu ulikwenda sawa kabisa, boga lile pale, halafu ukakata kushoto kama umeitwa. Pu! Dumu! Togwa linaruka, watu wanakimbilia vikombe. Shangazi akakinga chake, akanywa, akasema miaka yote anasikia habari zangu za porini, leo ndiyo mara ya kwanza anaonja mawindo yangu.

Kefa kaondoka na upinde wa babu. Begani. Mbele ya majirani zangu.

Jumanne, 13 Agosti

Kwenye msumari wangu Elizabeti katundika ungo.

Kefa kaja mwenyewe. Ya Jumapili hakuyagusa. Kaniletea fimbo tatu kavu kutoka jikoni kwake, ati nijifunzie, shangazi amekubali tushindane tena mwakani. Nikamwambia mimi sifundishwi mishale. Fimbo nimeegemezea maharage.

Dukani nimewasimulia nilivyotoboa dumu hatua hamsini, mshale ukikata kona. Nani mwingine Songwe anaweza? Wawili wameamini.

Jioni nilipita shambani. Lile la kitambaa chekundu limezidi kunyooka! Nimeligundua na kosa langu. Siyo mti mbichi. Ni moto. Hili nitalikausha juani.

Nimelikata. Kitambaa nimekifunga vizuri kwenye kisiki.

Elizabeti akiuliza: ngedere.