Milioni Moja na Moja ni Tasa

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Garissa. Joto. Jumamosi kuna mhadhara wa hisabati maktabani, na kamati inataka kumpa Elkanah, mwalimu kutoka Vihiga, eti ana shahada. Shahada! Nimesoma vitabu vingi kuliko nywele zake. Nafasi ile ni yangu. Nitamtangulia na ugunduzi: 1,000,001 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na yenyewe. Nimejaribu mbili, tatu, tano, saba, nikapanda hadi 97. Kila mara baki. Mkono ukachoka. Namba iliyoistahimili 97 haina la kuogopa.

Jumanne, 2 Septemba
Nimebandika tangazo langoni mwa soko la mifugo, kwa wino mwekundu: "1000001 NI TASA. Anayebisha ajitokeze. Salah." Elkanah atapita. Atasoma. Atanyamaza.

Jumatano, 3 Septemba
Aliyejitokeza si Elkanah. Ni Kaaha, muuza ngamia. Kumbe siku ya chanjo ngamia walivishwa hereni za namba, na jike wake bora ndiye 1000001! Waliomtaka kwa maziwa wametoweka. Wamebaki wachinjaji. Nikamweleza habari za vigawanyo. Akasema, walaal, ndugu yangu, tasa ni kichwa chako. Soko likacheka. Akaapa kunipeleka kwa wazee kwa kumchafulia ngamia jina.
Sikubandua. Hisabati haimwombi ngamia radhi.

Ijumaa, 5 Septemba
Siku nyeusi. Baada ya swala Kaaha aliniita langoni mwa soko, mbele ya wazee, akaniambia nimsogelee huyo tasa wangu. Nikasogea. Ngamia akanyanyua mkia juu kabisa, akanikojolea kanzu. Wazee wakasema alhamdulillahi: kila mchungaji anajua jike anayenyanyua mkia hivyo ana mimba. Nikasema mimba ya ngamia haithibitishi lolote kuhusu namba.
Hapo Elkanah akatokea katikati ya watazamaji, akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nilijaribu 101. Akaandika chini ya tangazo langu: 101 × 9901.
Kaaha akauliza hao wawili ni nani. Akaambiwa ndio waliomo ndani ya namba. Akapiga vigelegele: hata namba yenyewe ina mimba, tena ya pacha!

Jumamosi, 6 Septemba
Elkanah alizungumza. Ukumbi ulijaa. Alitumia 1,000,001 kama mfano. Jina langu hakulitaja. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, na kanzu ya zamani.

Jumapili, 7 Septemba
Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la namba. Sasa nina nyingine: 1,030,301. Namba ya heshima, inasomeka vilevile kutoka mbele na kutoka nyuma. Nimeigawa hadi 97. Baki kila mara. 101 sikuigusa. Hiyo ni silaha ya Elkanah.
Kesho nabandika, lango lilelile. Na safari hii nimeuliza kwanza hereni hiyo ni ya nani. Ni ya dume la mbegu la Kaaha. Dume! Dume akiitwa tasa, nani atalalamika?