Maoni Yangu kuhusu Kitabu Nisichokisoma

Jumatatu, 4 Novemba

Kitabu kimefika! "Mlango wa Zubra", riwaya ya tatu na ya mwisho ya Velizar Tonchev kuhusu zile falme zake za angani. Kimefika kimoja. Wasomaji tuko wanne. Miji mingine wangenunua vinne. Sisi ni watu wa Gabrovo, mji unaojulikana Bulgaria nzima kwa ubahili. Kusoma kwa zamu nako hakuwezekani, maana Tonchev mwenyewe anakuja Jumapili kusikiliza maoni yetu. Bi Raina, mwenyekiti wa nyumba ya kusomea, alizima taa ili tujadiliane, kwani mdomo hauhitaji mwanga. Akaiwasha wakati wa kura. Uamuzi: kikatwe. Mkasi uliotumika ni wangu, ule wa kukatia vitambaa dukani. Ulipita bila kukwaruza.

Tukavuta vijiti. Raina akapata mwanzo. Gatyo tarishi, sehemu ya pili. Mimi ya tatu. Sehemu ya mwisho, yenye siri zote, ikamwangukia Docho, daktari wa meno mstaafu na adui yangu tangu shule ya msingi. Alitabasamu. Meno yake yote ni mazima, anayaonyesha makusudi.

Sasa jambo lenyewe: maoni bora yatachapishwa nyuma ya jalada la toleo la pili, pamoja na jina la msomaji. Nimeshaliona. Nedko Bachvarov, Gabrovo. Nakala moja itakwenda Sofia kwa shemeji yangu Tsvetan, injinia, ambaye kila Krismasi hunyanyua glasi na kusema mbele ya watu kwamba dada yake angeweza kuolewa na mtu wa maana. Watu hucheka. Mimi pia hucheka, halafu silali. Jalada hilo nalitaka kuliko kitu chochote.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeanza kipande changu. Kinaanzia katikati ya sentensi: "...na kwa hiyo supu haikutosha." Mpishi! Vita vya falme saba za angani, mimi nimepewa mpishi. Nilivumilia nusu ukurasa. Nikakiacha mezani jikoni. Asiyejua mwisho hana maoni, huo ndio ukweli.

Nilikwenda kwa Docho kumwomba tubadilishane. Nilichukua na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Akanywa. Akaniuliza kama mimi nimewahi kubadilisha nyama kwa mfupa. Nikarudi na chupa tupu.

Stanka, mke wangu, anasema pipa la kabichi tunayochachusha kwa majira ya baridi linahitaji kugeuzwa maji kabla halijaanza kunuka. Nimemwambia wiki hii nashughulika na fasihi.

Jumatano, 6 Novemba

Vurugu dukani kwangu. Raina alikuja kununua vifungo, Gatyo alikuja kuleta barua, wakakutana. Raina akasema Mwanamfalme Orvo ndiye mwanaume bora kuliko wote walioandikwa tangu vitabu vianze. Gatyo akasema Orvo ni mwoga na msaliti, amewauza wenzake kwa adui, na mwanamke anayempenda mtu wa aina hiyo akapimwe macho. Raina akamwambia yeye tangu lini anajua mapenzi, barua zenyewe anapeleka nyumba siyo. Nikawaambia hakuna Orvo yeyote katika kitabu hiki. Kwangu hayumo. Wakanigeukia wote wawili.

Kila mmoja alikuwa na kipande chake mkononi kama ushahidi. Wateja wawili wakaondoka bila kununua. Mmoja aliuliza kama ni habari za uchaguzi.

Nimetambua jambo. Hawa wanapigania vipande. Mwenye mwisho ndiye mwenye kitabu. Lazima niuone mwisho.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikashika shavu, nikabisha kwa Docho. Nikamwambia jino linaniua. Alifurahi kupita kiasi, hajagusa koleo tangu astaafu. Alipoingia chumba cha ndani kutafuta vyombo, nikakiona: kipande cha mwisho, juu ya kabati, chini ya miwani yake. Nikafunua kurasa za mwisho kabisa. Nikasoma kwa pupa.

Ajabu! Hakuna chombo cha angani. Hakuna falme. Mjane aitwaye Zlata yuko shambani alfajiri, anavuna kabichi. Anang'oa moja, chini yake anakuta kiatu cha mwanaume. Ndani ya kiatu mna mguu. Zlata anasema alijua tu mwaka huu hautaisha salama. Basi. Karatasi zimekwisha.

Nilisisimka. Vitabu vitatu vya nyota, na mwisho wake ni kabichi ya Novemba! Nani katika nchi hii, mwenye pipa lake kwenye ghala, asingeelewa?

Docho akarudi na koleo. Nikamwambia maumivu yamepungua. Akasema hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Akaniuliza lipi. Ilinibidi nitaje moja. Akaling'oa. Akaliweka kwenye kisahani, akaligeuzageuza, akalisifu. "Jino zima hili, Nedko. Lingekufikisha miaka mia."

Ijumaa, 8 Novemba

Mdomo umevimba. Maoni yamekamilika. Nimemsomea Stanka jikoni, akiwa anakoroga sufuria kwa mkono mmoja na mwingine ameshika karatasi fulani. Alisikiliza. Akauliza kama nimefika pale mpishi anapopanga sahani. Nikamwambia mpishi hana uzito katika fasihi. Akasema pipa limeanza kunuka.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika kwa uchungu.

Ukumbi ulijaa. Hita ilikuwa moja, na Raina aliielekeza kwa mgeni peke yake. Tonchev ni mtu mdogo, mwembamba, ana skafu kubwa. Alionekana mtu aliyezoea kupigwa. Alisema wasomaji nchi nzima wanamwandikia kwamba kitabu cha mwisho kimewaharibia viwili vya kwanza, na mmoja amemtumia vyote vitatu kwa posta, bila kulipia stempu. Amekuja kwetu kwa sababu sisi tu ndio hatujamwandikia. Gatyo akamweleza kwamba stempu zimepanda.

Niliomba kuanza mimi, nisije nikaibiwa hoja. Nikasimama. Nikasema kwa vitabu vitatu bwana Tonchev ametufanya tutazame juu, na mwishowe kwa ujasiri mkubwa ametuinamisha tutazame kabichi. Nikasema ule mguu ndani ya kiatu ni binadamu mwenyewe, aliyesahau alikotoka. Nikamalizia kwamba kurasa zile mbili ni bora kuliko zote alizowahi kuandika maishani mwake.

Docho akafuta miwani yake taratibu. Akaeleza, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni, kwamba riwaya inaishia kabla ya hapo. Zile kurasa ni kionjo cha riwaya nyingine ya upelelezi, mchapishaji amekibandika nyuma kuitangaza. Tonchev akauliza kwa upole ni ya nani. Docho akasoma jina la mwanamke.

Tonchev akafumba macho. Kumbe ni mtalaka wake. Na hakuna aliyemwambia kwamba yumo humo ndani.

Tonchev akaomba aione nakala yetu. Vikatoka vipande vinne kutoka mifuko minne. Changu kilitoka kwenye mkoba wa Stanka, sijui kilifikaje. Nikawahi kusema tumekisoma hadi kikachanika. Akapitisha kidole kwenye ukingo ulionyooka kama rula. Akasema mama yake alizaliwa hapahapa Gabrovo, na sabuni alikuwa akiwakatia wanawe hivihivi. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, kama mtu anayeomba, kama kuna yeyote aliyependa chochote.

Raina akaanza na Orvo. Gatyo akamrukia. Docho akafungua hotuba yake yenye vichwa vidogo. Ndipo Stanka akasimama. Mke wangu! Hata si mwanachama.

"Mimi nimesoma katikati tu," akasema. "Mwanzo siujui na mwisho siutaki. Kuna yule mpishi. Askari wametoka, hawarudi, na kila mtu chomboni anajua hawarudi. Yeye kila jioni anawapangia sahani. Supu haitoshi na bado anawawekea. Niliunguza pilipili zangu nikilia. Nakuomba tu, baba, kama mwisho umemwua, usiniambie."

Tonchev akavua skafu, akapengea humo. Akasema sura hiyo aliiandika mwezi aliofiwa na mama yake, na tangu kitabu kitoke hakuna hata mtu mmoja aliyemtajia mpishi. Halafu akaigeuza hita, akamwelekezea Stanka. Hapa Gabrovo sijawahi kuona heshima kubwa kama hiyo.

Jumatatu, 11 Novemba

Raina ametangaza. Nyuma ya jalada ataandikwa Stanka Bachvarova. Tsvetan amepiga simu kutoka Sofia. Amempongeza dada yake, kisha akataka kusema na mimi. Amesema siku zote alijua kwamba katika nyumba hiyo kuna akili, na alijua ni ya nani. Krismasi atanyanyua glasi mara mbili.

Nimeumia. Lakini mtu mzima hakai akilia, hukaa akachunguza kosa lake. Nimechunguza usiku na mchana. Kosa langu nimeliona: nilichungulia kurasa za mwisho, na zilizotakiwa ni za katikati. Ni hilo tu. Jino halikuwa na tatizo, mpango ulikuwa mzuri.

Na bahati haijanitupa. Raina ameagiza riwaya nyingine ya falme za angani, nene zaidi, nakala moja. Mwandishi atakuja majira ya kuchipua. Docho amevunja mguu wa kiti ukumbini leo asubuhi, kwa hiyo yeye ndiye atakayelinda vijiti kama adhabu, na Docho haoni vizuri bila miwani. Katikati itakuwa yangu. Nikishindwa kuipata, nina meno mengine.

Stanka amekiweka kipande cha mpishi kando ya sahani yangu. Anasema Tonchev amemwachia kiwe chake, na ananiomba nisome walau ukurasa mmoja, kwa ajili yake, si kwa ajili ya jalada. Nimemwambia sasa sina nafasi kabisa, nina mpango kichwani. Akaipua supu, akauliza aiweke wapi. Nikamsogezea kile kipande chini ya sufuria. Ni kinene cha kutosha, meza haikuungua hata kidogo.