Uso Wangu na Ndizi Yao

Jumatatu, 20 Aprili

Pendo ameifuta programu yangu kwenye simu yake. Pendo, mama lishe wa Kihonda, mteja namba moja, mikungu kumi na miwili kwa wiki, hajawahi kukopa. Nimemfuata. Akasema kwa upole kwamba hana tatizo na ndizi zangu, ana tatizo na uso wangu.

Maelezo yake: mumewe Anselmi, wa kiwandani Mzinga, alichukua simu ya mkewe kutafuta tochi. Akakuta kapicha ka mwanaume anatabasamu, katikati ya kikokotoo na picha za watoto. Akauliza huyu nani. Kabla Pendo hajajibu, simu ikalia, ukatokea ujumbe: "Umenisahau?"

Ujumbe ule niliutunga mwenyewe. Unamwendea kila ambaye hajaagiza siku tatu. Ni biashara. Na uso ni wangu kwa sababu programu ni yangu, inaitwa Fidelis Sokoni, na Fidelis ni mimi. Nilianza na tenga moja pale Mawenzi, sikushikwa mkono na mtu. Niweke uso wa nani?

Wakati ni mbaya. Ijumaa Fuso linashuka kutoka Kinole na mikungu mia tatu ya ndizi za kupika. Mzee Lukasi, anayekusanya mzigo wa wakulima wa kule juu, alishanionya: wa mwezi uliopita uliivia mikononi mwangu. Huu nao ukiiva, Kinole yote inahamia kwa Salehe. Kwa Salehe. Mtu hana programu. Ana kibanda na mdomo.

Jumanne, 21 Aprili

Mazimbu, kwa Shamimu, fundi aliyeniundia programu. Kumbe si Pendo peke yake. Katika wateja mia mbili na kumi, thelathini na wanne wamefuta. Yaani asilimia kumi na sita ya biashara yangu imeondoka kwa wivu wa waume.

Shamimu akasema, bosi, tuwaache wachague. Kwamba inawezekana kuweka picha kadhaa, kila mteja akaamua ipi ikae kwenye kioo chake. Ndani programu inabaki ileile.

Nikakubali. Mimi si dikteta. Nikampa picha sita. Mimi na kofia. Mimi bila kofia. Mimi natazama milima. Mimi na Fuso. Mimi nikiwa kijana. Na ndizi.

Shamimu alicheka mpaka akaweka chai chini. Sikuona cha kuchekesha. Ndizi nimeagiza ikae mwisho kabisa, na madoa.

Jumatano, 22 Aprili

Waliofuta wamerudi karibu wote, Pendo akiwemo. Tuko mia mbili kamili. Waliochagua ndizi: mia moja tisini na tisa. Waliochagua mimi: mmoja.

Prisca, mke wangu wa ndoa, amechagua ndizi. Nikamuuliza. Akajibu, baba Rehema, nakuona nyumbani, nakuona sokoni, niache nipumzike kwenye simu.

Huyo mmoja ni Mzee Lukasi. Mimi bila kofia. Watu wa milimani wanajua kuthamini.

Sokoni hawasemi tena "agiza kwa Fidelis". Wanasema "bonyeza ndizi". Hata wasiosoma vizuri wanaelekezana hivyo: usihangaike na maandishi, wewe tafuta ndizi. Jasho langu la miaka tisa, sifa anachukua tunda lenye madoa.

Alhamisi, 23 Aprili

Wazo.

Kesho ni sikukuu ya somo wangu, Mtakatifu Fidelis. Kwetu Matombo siku ya somo mtu hupewa hata jogoo. Mimi sitaki jogoo. Nataka siku moja tu. Nimemwambia Shamimu kesho simu zote ziamke na uso wangu, ile picha niliyopiga nimevaa tai harusini kwa shemeji.

Akasema, bosi, mtu akishachagua usimbadilishie bila kumwambia, atapotea. Tena kesho ndiyo siku ya oda. Kweli, oda za mzigo wa Fuso zinafunguliwa Ijumaa asubuhi, maana mama lishe hanunui ndizi ambayo haijakatwa. Lakini mtu mzima anapoteaje kwenye simu yake mwenyewe? Shamimu akaniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nina hakika.

Ijumaa, 24 Aprili

Fuso limefika saa mbili. Oda: nne.

Nikadhani mtandao. Saa tatu akina mama wakaanza kumpigia Prisca, wakiuliza ndizi imekwenda wapi. Wameitafuta kwenye kioo hawaioni, wakajua programu imefungwa. Wale wanne walinibonyeza kwa bahati mbaya.

Salehe akasikia. Akafunga mkungu mzima juu ya mti mrefu mbele ya kibanda chake, akatangaza: "Akina mama, ile ndizi iliyopotea kwenye simu imeokotwa huku." Wakaenda. Wanacheka.

Niko katika hali hiyo, akatokea Anselmi na ovaroli lake la kazini, Pendo nyuma anamvuta mkono. Anselmi hapigi kelele, na hilo ndilo baya. Akainua simu karibu na shavu langu, akalinganisha. "Juzi mke wangu kaniambia yule bwana kaondoka, imebaki ndizi. Nikaridhika. Leo naamka, bwana karudi, tena kavaa tai. Kwa hiyo siku zote ulikuwa umejificha ndani ya ndizi?"

Nikamweleza habari za somo wangu. Akauliza kama somo wangu naye huwaandikia wake za watu.

Mzee Lukasi alikuwa ameshuka na Fuso, kaketi juu ya mzigo, anasikiliza. Nikamwamkia, nikamwomba awaeleze watu kwa nini yeye alichagua uso wangu. "Wajukuu," akasema. "Walikuwa wanachezea simu kutwa. Tangu nimekuweka wewe, hawaisogelei."

Soko zima likacheka.

Jumamosi, 25 Aprili

Prisca na Shamimu wamerudisha ndizi bila kuniuliza. Prisca kampigia mteja mmoja mmoja, kauza mikungu mia moja na sitini. Iliyobaki imeanza kuwa njano. Salehe kaichukua kwa bei ya kunitukana.

Mzee Lukasi anatupa Ijumaa moja ya mwisho. Kasema anafanya hivyo kwa ajili ya Prisca.

Jumapili, 26 Aprili

Misa ya kwanza. Padri kahubiri unyenyekevu. Niliangalia huku na huku, naona wengi umewagusa.

Nimekaa nikajichunguza kwa haki. Kosa lilikuwa tai. Wateja wanataka ndizi, mimi nataka uso, na hesabu ni rahisi: picha moja, mimi nimekumbatia mkungu. Nimeshapiga. Shamimu hapokei simu, labda yuko mapumziko.

Ujumbe naweza kubadilisha mwenyewe bila fundi. Nakiri "Umenisahau?" ulileta maswali. Nimeandika mpya wa kumhakikishia mteja kwamba mzigo umefika. Utatoka kila siku saa mbili usiku, mume akiwa nyumbani, ili naye aone huduma:

"Niko mlangoni. Fungua."