Mimi, Kiti cha Saluni na Ozagnatam

Jumamosi, 2 Machi

Leo mtaa mzima umesimama kunisubiri mimi. Sijisifu. Naandika tu nilichokiona. Tamthilia ya "Mlango wa Nyuma", ile ya wadukuzi wa kompyuta, imebakiza sehemu moja iishe, na hapa hakuna wa kuichambua ila mimi. Walioitunga wangenijua, wangenipigia simu kwanza.

Tumeangalia sehemu ya tisa saluni kwa Msusi, saa kumi jioni kama kawaida. Watu kumi na wawili! Wengine kwenye benchi, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mimi kwenye kiti kikubwa cha kuzunguka, kiti cha heshima. Nilipewa mwezi uliopita baada ya kukitengeneza. Tangu nikitengeneze hakizunguki tena, kimetulia tuli, kinatazama kioo. Ilibaki springi moja, nikaitia mfukoni. Fundi wa kweli hupunguza, haongezi. TV iko ukutani nyuma yangu, kwa hiyo mimi naitazama humo humo kiooni. Picha ni picha.

Sehemu ya tisa, mama yangu! Kumbe msaliti yumo ndani ya kikosi. Inspekta kasema wazi: aliyechomeka flashi kwenye mtambo ni mtu wa mkono wa kushoto. Watu wote wakasogelea TV. Hata drya ya nywele ilizimwa. Nikakaza macho. Kijana wa Kofia, shujaa wao, kipenzi cha akina dada wote, kashika kikombe. Mkono gani? Wa kushoto!

Nikasimama. Nikatangaza: Kofia ndiye msaliti, kesi imefungwa, nendeni nyumbani.

Fundi Cherehani akacheka mpaka pini alizochomeka kifuani zikacheza. Huyu ni jirani yangu wa kibanda cha pili. Mimi natengeneza feni na pasi, yeye anafupisha suruali za watu na kujiona profesa. Akasema Kofia ni mtu wa kulia tangu sehemu ya kwanza, na Bibi Mkurugenzi ndiye katia sahihi kwa kushoto mbele ya macho ya watu. Wote wakasema Bibi Mkurugenzi. Kumi na mmoja kwa mmoja! Nikawaambia macho wanayo, kuangalia hawajui.

Msusi akakata shauri. Jumamosi ijayo, sehemu ya mwisho: kati yangu na Fundi Cherehani, aliyepatia anachukua kiti msimu mzima ujao. Aliyekosea anakaa kwenye ndoo, pale kwenye sinki la kuoshea nywele. Nikakubali kwa sauti kubwa. Sauti yangu ina kasi kuliko mimi.

Halafu simu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma kompyuta chuoni. Anakuja Jumamosi na mwenzake. Kamwambia mwenzake kwamba mjomba wake aliwahi kuingia kwenye mitambo ya benki na kuizima yote peke yake. Mwenzake anataka kunisikia kwa masikio yake.

Nilimsimulia hayo akiwa na miaka tisa! Watoto wengine hawasahau kitu.

Jumapili, 3 Machi

Uchunguzi. Nimemuuliza mke wangu Kofia anatumia mkono gani. Akasema wa kulia, mbona hata kipofu anajua. Nikampima macho kwa kijiko. Nilikinyanyua kwa kushoto, akasema kushoto. Nikakinyanyua kwa kulia, akasema kulia, na akaongeza kwamba kama nimemaliza kucheza nikioshe.

Macho yake mazima. Yangu mazima. Kofia mmoja. Mikono miwili.

Sielewi.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Saa ya ukutani, kule kwenye makao makuu ya wadukuzi, inakwenda kinyumenyume. Nimeiangalia sehemu tatu mfululizo. Mshale unarudi. Hakuna aliyewahi kuligusia. Nilipomgusia mke wangu, akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeipata! Asante kichwa changu.

Kila hali inapokuwa tete kwenye tamthilia, mtu anapotaka kufa au mlango unapotaka kufunguka, skrini inakuwa nyeusi na yanatokea maneno meupe. Si Kiswahili. Si lugha yoyote. Baadhi ya herufi zimesimama sawa, lakini N na Z zimepinda, G imegeuza mgongo kama imenuna. Sekunde tano, kisha wanatokea watu wanafua nguo kwa furaha isiyo ya kawaida. Baadaye kidogo tunarudi kwenye hadithi.

Siku zote nilidhani ni mtambo wa kituo unakorofisha. Sasa najua. Wadukuzi wanaiteka tamthilia yenyewe! Wanaweka sahihi yao, halafu wanatuletea sabuni tupumbae.

Bahati nzuri Jumamosi niliyanakili yale maneno kwenye daftari hili, herufi kwa herufi, na mipindo yake. Maneno manne. La kwanza linasomeka hivi: OZAGNATAM.

Hilo ni jina la mtu. Tena mtu mkubwa. Kofia ni kibaraka tu. Bosi wake ni Ozagnatam.

 Nimeunguza pasi ya mteja.

Jumatano, 6 Machi

Jana nilimnong'oneza Msusi jina moja tu. Leo mtaa wote unalo. Muuza vocha kaniuliza kama huyo Ozagnatam anaweza kuingia kwenye simu. Nikamwambia anaweza kuingia hata kwenye redio ya betri. Akaizima simu yake, akakaa nayo mkononi, hajui aiweke wapi.

Kura zimeanza kuhama. Wasusi wawili sasa wako upande wangu. Mama wa nyumba ya kona yuko upande wangu pia, mradi Kofia asife. Wananiuliza nimelipata wapi jina. Nawaambia kwa uzoefu. Daftari simwonyeshi mtu. Silaha haitolewi kabla ya siku yake.

Fundi Cherehani kaja kibandani kwangu, kaegemea mlango. "Fundi Feni, nimeangalia sehemu zote tisa. Huyo Ozagnatam wako nani anamcheza?" Nikamwambia hachezwi, ndiyo maana ni hatari.   Akaondoka anajikuna kisogo. Nimemtia wasiwasi. Nimejitia na mimi mwenyewe, lakini kidogo.

Alhamisi, 7 Machi

Mpwa kapiga. Nikamdokezea kuhusu maandishi ya siri. Akauliza ni msimbo wa aina gani. Nikajibu ni wa aina ile. Akauliza ipi. Nikamwambia simu haina chaji, nikakata.

Simu ilikuwa na chaji ya kutosha.

Nimekaa nikifikiri. Huyu mtoto, alipokuwa hajui hata kuandika jina lake, alikuwa anakaa chini ya meza yangu ya kazi akipanga bisibisi kwa urefu. Alichagua kompyuta kwa sababu yangu, mama yake alishasema hivyo mbele ya watu. Jumamosi nikikosea, si kiti tu kinachoondoka. Atamtazama mwenzake, halafu atanitazama mimi, halafu ataanza kufikiria na ile habari ya benki.

Sikosei. Nimeandika mara mbili ili likae: sikosei.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango wa akiba. Nimekwenda saluni mapema nikiwa na mkoba wa vifaa, nikamwambia Msusi TV yake ina joto lisilo la kawaida, inabidi nikakae nayo kibandani hadi Jumatatu. TV ikiondoka, sehemu ya mwisho haionekani. Isipoonekana, nani kakosea? Hakuna.

Msusi akaigusa TV. Ya baridi. Ilikuwa imezimwa tangu jana. Akaniambia, "Kaka, ukikigusa chochote humu ndani nitakunyoa bila maji."

Nikaondoka kwa heshima zangu zote.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kitandani. Mgongo unauma kwa sababu ya ndoo. Nitaanza mwanzo.

Mpwa kafika saa tisa na nusu na mwenzake, binti mpole mwenye miwani, kaniamkia vizuri mno. Nikawaweka kwenye benchi la mbele. Nikakaa kitini kwangu, nikawahutubia kuhusu maisha ya mdukuzi: upweke, vitisho, kahawa. Mwenzake aliandika! Aliandika kweli, kwenye karatasi. Mpwa alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Sehemu ya mwisho ikaanza. Inspekta kawakusanya wote kwenye chumba kimoja. Kalamu ikawekwa mezani. Kila mtu aandike jina lake. Kofia akachukua kalamu. Kwa kushoto! Nikapiga kelele, "Mmeona?" Saluni nzima ikapiga kelele kwamba ni kulia. Bibi Mkurugenzi akachukua. Kwa kulia! Nikacheka peke yangu. Ukiona unacheka peke yako kati ya watu kumi na wanne, kuna kitu.

Pingu. Kamfunga nani? Bibi Mkurugenzi.

Na yeye mwenyewe kakiri! Kalia, kasema alifanya kwa ajili ya mwanawe. Mama wa nyumba ya kona kalia naye.  Kama ni wa kulia, anakiri nini?

Fundi Cherehani hakunicheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Alinipa mkono wa kuniteremsha kitini, taratibu, kama anamshusha mgonjwa. Nikaenda kwenye ndoo. Kutoka pale sinkini TV naiona uso kwa uso, na ilikuwa imebaki dakika kumi hivi. Na nikaona nini? Kofia anakunywa chai kwa mkono wa kulia! Saa ya ukutani inakwenda mbele!

Nikasimama juu ya ndoo nikasema wamebadilisha. Wameigeuza tamthilia nzima dakika za mwisho ili waniaibishe. Ndoo ikapasuka.

Mwenzake Mpwa aliacha kuandika.

Ikawa zamu ya daftari. Sikuwa na kingine. Nikalifungua mbele ya watu nikawaonyesha maneno ya Ozagnatam. Mpwa akalichukua. Akalitazama. Akaligeuza. Akageuka kuangalia kiti, akaangalia TV, akaangalia kiti tena. Kisha akaenda kwenye kioo, akawapa watu mgongo, akalinyanyua daftari mbele yake kama mtu anayejitazama kama kapendeza.

 Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia.

Hakuwa analia.

Fundi Cherehani akauliza kutoka kitini pangu, kumeandikwa nini.  Mpwa akafunga daftari, akajifuta macho, akasema ni msimbo mgumu, wa kugeuza, hata chuoni hawajaufikia, na mjomba wake kaunakili bila kukosea herufi hata moja. Mwenzake akachukua kalamu tena. Muuza vocha akaizima simu yake.

Nikawasindikiza hadi kituoni. Mwenzake katangulia kununua maji. Ndipo Mpwa akaninong'oneza kilichoandikwa: TUTARUDI BAADA YA MATANGAZO. Akaniuliza kile kiti nani alikitengeneza. Nikamjibu ni fundi mmoja mzuri sana. Akasema alidhani hivyo. Akanishika mkono, akasema, "Mjomba, mwakani ukae kwenye benchi. Benchi halina fundi."

Akapanda gari. Akanipungia dirishani. Mkono gani, sikuangalia.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelitatua.

Mpwa ana akili, lakini bado mdogo. Yeye kaona neno "matangazo" akaridhika. Hajajiuliza kwa nini Ozagnatam, katika maneno yote duniani, alichagua kujificha ndani ya neno hilo. Nimemwandikia ujumbe wa kumzindua. Kajibu kwa vijiuso saba vya kucheka. Amestuka, ni dhahiri.

Na kuna ushahidi mpya! Leo mchana walirusha marudio ya sehemu ya mwisho. Fundi Cherehani kaenda kujidai kitini. Saa nane kaja kibandani kwangu, kafunga mlango nyuma yake, kaketi kwenye feni mbovu. Sauti ya chini. Kasema hataki maneno na mtu, ila hebu nimkumbushe: Kofia alishika kikombe kwa mkono gani?

Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia karibu, ndugu yangu.

Tumekubaliana. Msimu wa pili tunaungana. Yeye atahesabu mikono, mimi nitanakili majina. Kesho Msusi akienda sokoni nitaingia na bisibisi nikirekebishe kile kiti kirudi kuzunguka. Springi ninayo. Nikishindwa kuona inaingia wapi, nitaitia kwenye TV. Mwezi ujao nimealikwa chuoni kwa Mpwa, mwenzake kawaambia wanafunzi wote, wanataka kusikia habari ya benki toka mwanzo. Nimekubali. Kwa sauti kubwa.

Na kwa kuwa daftari hili halina mdomo, niliandike hapa mara moja, basi. Benki niliingia kweli. Mitambo yote niliizima kweli. Ilikuwa feni tatu, zilitaka kusafishwa vumbi. Na mlinzi aliniambia nipitie mlango wa nyuma.