Gumba, Samli na Kodi ya F

Ndugu zangu wa chuo, leo nimeanguka. Simaanishi mtihani. Nimeanguka kwa magoti yote mawili, mbele ya wazazi wa shule nzima, gitaa mikononi. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa mtu mwingine.

Mnajua nilihamishiwa Garissa kufundisha hesabu katika shule ya wasichana. Mwalimu mkuu aliposikia nina gitaa, akanitwika na kwaya. (Sikumwambia najua kodi tatu tu. Kodi za gitaa, si za serikali. Za serikali nakatwa zote.) Wasichana wakatunga wimbo mtamu kuhusu mto Tana. Tatizo likawa moja: wimbo unataka kodi ya F. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita, na vingine vitatu vinatanuka mbele yake. Vyangu vikagoma. Kila nikibonyeza: bwff! Kama mbuzi anayekohoa.

Nikaamua kwamba vidole vyangu ni vigumu, basi. Wiki mbili nzima nimevinyoosha. Katika chumba cha walimu navitanua juu ya mkebe wa maziwa ya unga, watu wananitazama. Kisha nikaona sokoni wanavyolainisha kamba za ngozi kwa mafuta. Nikajiambia, ikiwa ngozi ya ngamia inalainika, sembuse ya mwalimu wa hesabu? Nikanunua samli. Kila jioni nikawa navikanda.

Mwenzangu Habiba, anayefundisha ushonaji, akaniuliza, "Walaal, ndugu yangu, mbona siku hizi unanukia kama harusi?"

Leo ndiyo ilikuwa siku ya wazazi. Asubuhi akanijia Sahra, msichana anayeongoza kuimba.

"Mwalimu, baba amekuja kutoka Bura. Amesema akiona huu ni upuuzi, naacha kwaya leo leo."

"Usiwe na wasiwasi," nikamjibu. (Mimi huyu!) Kisha nikazunguka nyuma ya jiko, nikajipaka samli ya mwisho. Ya bahati.

Tukaanza. Ubeti wa kwanza, mambo safi, kodi zote nyepesi. Nzi wawili wakatua kwenye vidole vyangu, sikuwajali. Mara F ikafika. Nikakaza kwa nguvu zangu zote. Mkono ukateleza kutoka kichwani mwa gitaa hadi tumboni mwake: fyuuuu! Gitaa likaruka kutoka pajani. Nikalirukia. Kulidaka nililidaka, lakini suruali ikachanika na magoti yakatua mchangani, mbele kabisa ya meza ya afisa wa elimu.

Afisa akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Mwalimu, inuka. Nimeshakusamehe."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko! Hata mpishi alitoka jikoni kuja kuona. Mtu mmoja tu hakucheka: baba yake Sahra. Alikuwa anaokota bakora yake, anainuka. Nikamwangalia Sahra. Macho yamejaa machozi. Hapo ndipo aibu iliponiingia hasa, maana suruali iliyochanika ni yangu, lakini kwaya ilikuwa yake.

Habiba akaja mbio. "Sugua mikono kwa mchanga. Haraka!"

Nikasugua kama mtoto. Nikarudi kitini, nikaishika F tena.

"Ngoja," akasema. "Hilo gumba linafanya nini huko juu?"

"Linashika shingo ya gitaa."

"Linaikumbatia! Vidole vitapita wapi? Wasichana wangu wakishika kitambaa hivyo, sindano haifiki popote. Literemshe nyuma, katikati. Na kiganja kisiguse."

Nikaliteremsha. Jamani! Vidole vikafunguka kama mwavuli. Kumbe havikuwa vigumu hata kidogo. Vilinyimwa nafasi tu. Nikapiga. Nyuzi sita, sauti sita, hakuna hata moja iliyokohoa!

Sahra hakungoja ishara yangu. Akaanza kuimba, na wenzake wakampokea. Baba yake, aliyekuwa amesimama tayari kuondoka, akabaki amesimama vivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha akapaza sauti: "Mar kale!" Yaani, tena. Wazazi wakaidaka: "Mar kale! Mar kale!" Tumeuimba mara tatu, ndugu zangu. Mara ya tatu afisa mwenyewe alikuwa akigonga meza. (Nje kabisa ya mapigo, lakini ni afisa.)

Watu walipoanza kutawanyika, yule mzee akaja kunipa mkono.

"Mwalimu, binti ataendelea. Lakini hiyo ya kubiga magoti, mulifanya mazoezi?"

"Ndiyo, mzee," nikasema. (Ningesema nini?)

"Ni nzuri sana. Siku nyingine weka mwisho."

Basi nijibuni upesi. Na msijisumbue kuficha: atakayecheka nitamjua kwa mwandiko wake kutetemeka.