Kaka Awekwe Katikati

Jumatatu, 4 Mei
Barua imefika! Ijumaa anakuja afisa wa huduma za watu wenye ulemavu, kumwandalia Kaka mpango wa maisha. Eti mpango "unamweka mhusika katikati": ataulizwa anataka nini, kisha atasaidiwa akipate. Kweli Mungu hamtupi mja wake! Nimeshaorodhesha matakwa ya Kaka. Televisheni kubwa. Kochi la kunyoosha miguu. Safari ya mapumziko, pamoja na msindikizaji (mimi). Mwenyewe alikuwa anatengeneza redio ya jirani, sikutaka kumsumbua.

Jumatano, 6 Mei
Kaka ameiona orodha. Akauliza kochi la nini, na yeye ana kiti chake cha magurudumu. Nikasema la wageni. Akasema anataka kitu kimoja tu: chumba chake, karibu na maduka ya vifaa vya umeme, mlango mpana, ufunguo mfukoni mwake. Peke yake! Nilishtuka. Nani atanipigia mashati pasi? Nani ataniamsha? Nikamkumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Akasema amesubiri miaka kumi na mmoja, hiyo haraka iko wapi.

Ijumaa, 8 Mei
Nilipima sebule kwa utepe wa Mama wa kupimia nguo. Kaka nikamweka katikati kabisa, mimi na Mama pembeni. Barua si ndivyo ilivyosema? Afisa alipoingia akauliza kama kuna kesi. Nilipomweleza alicheka hadi miwani ikamdondoka. Katikati ya maamuzi, akasema, si ya sebule. Kaka akajisukuma mwenyewe hadi mezani. Maswali mawili ya kwanza nilimjibia mimi. Kabla ya la tatu nikaombwa nikachemshe chai. Niliichemsha mbio mbio, wapi! Chumba kilishaandikwa kwenye fomu. Penye "Vikwazo vinavyotarajiwa" Kaka alijaza kwa mkono wake, herufi moja moja: Mdogo wangu.

Jumapili, 31 Mei
Kaka amehama. Alifungua mlango kwa ufunguo wake, akafunga, akafungua tena, ili mradi tu aufungue. Mama alicheka huku analia. Na mimi nilifurahi, siwezi kusema uongo. Sijawahi kumwona Kaka hivi.

Jumatatu, 1 Juni
Nimeamka saa tano. Shati limekunjamana. Lakini akili ni mali! Nimemwandalia Kaka mpango mpya, na hitaji la kwanza ni mtu wa kukaa naye. Nafasi ipo. Jana nilikuwa na ule utepe mfukoni: godoro langu linaenea pale, katikati kabisa.